Mize na Zimwi la Laiti

Ngano hii aliitoa kwanza Bi Nunu binti Mwinchande, jioni moja ya kupukuchua mahindi, mwaka ule ambao masika yalikawia hata watu wakapanda mara mbili. Aliwatolea wajukuu zake wakiwa kazini, kwa kuwa hakupenda mikono ya watoto ikae bure, wala hakupenda kazi iende kimya. Imeandikwa hapa kama alivyoitoa, bila kuongezwa chumvi.

Paukwa!

Pakawa!

Nyumba?

Ya mama.

Mama?

Wa watoto.

Watoto?

Wa kazi zao.

Na asiye na kazi?

Aje apukuchue!

Basi, hapo kale paliondokea mama mmoja, jina lake Mwanamvua. Mumewe alikwisha kufa, akamwachia shamba la mpunga bondeni, nyumba ya makuti mlimani, na mabinti wawili. Mkubwa akiitwa Mize, mdogo akiitwa Kidawa.

Mwanamvua alikuwa mama wa utaratibu. Kila msimu ulipoingia aliwasimamisha wanawe uani asubuhi, mmoja mmoja, akawapima kwa mwili wake mwenyewe. Mtoto aliyefika gotini alipewa kuku wa kufukuza wasile kilichoanikwa. Aliyefika kiunoni alipewa ndege. Aliyefika begani alipewa mchi.

Majirani walimcheka. "Mwanamvua, kazi unaigawa kama mshonaji anayekata kanzu!"

"Kanzu kubwa humwangusha mtoto," akawajibu, "na ndogo humwaibisha. Kazi nayo ni vivyo hivyo."

Siku moja mpunga ukaanza kupevuka. Mashuke yakainama, na kwelea wakaanza kuja makundi kwa makundi. Mwanamvua akawaita wanawe.

Kidawa akasimama, meno ya mbele hana. Kichwa chake kikafika kiunoni.

"Wewe kuamia ndege. Panda dunguni, uwapigie kelele na kombeo mpaka jua lizame."

Kidawa akaruka kwa furaha. Dungu ni ule ulingo wa miti unaosimamishwa katikati ya shamba. Ukikaa juu yake unaona bonde zima, na upepo wote unakuwa wako.

Mize akasimama. Kichwa chake kikafika begani.

"Wewe, mwanangu, umeshakuwa nusu ya mtu mzima. Dungu limekwisha kwako. Shika mchi."

Mize akashika mchi, lakini moyo wake ukabaki dunguni. Misimu yote ya nyuma dungu lilikuwa lake. Ule upepo ulikuwa wake. Wale kwelea walikuwa wakikimbia sauti yake. Sasa akasimama kwenye kinu, jasho linamtiririka mgongoni, na kutoka bondeni akaisikia sauti ya mdogo wake:

"Hooya! Hooya! Kwelea nendeni kwenu, kwenu kuna ubwabwa!"

Kijicho kikamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Hautoki, wala haushuki.

Kisha ikaja pepeta.

Mpunga unapokuwa haujakauka, mashuke machache hukatwa, punje zikakaangwa, zikatwangwa zingali za moto mpaka zikawa bapa. Hiyo ndiyo pepeta, tamu kuliko wali. Na desturi ya bonde lile ilikuwa hivi: konzi la kwanza la pepeta haliliwi na aliyetwanga. Hupelekewa aliye dunguni, kwa kuwa bila yeye ndege wangekula shamba, na pepeta isingekuwapo.

Mize akakaanga, akatwanga, akapepeta makapi. Mama akajaza konzi, akalifunga kwenye jani la mgomba.

"Mpelekee mwenzio."

"Mama, aliyekaanga nani?"

"Wewe."

"Aliyetwanga nani?"

"Wewe."

"Anayekula kwanza nani?"

"Mdogo wako. Na ulipokuwa juu kule wewe, aliyetwanga nani? Ulinisikia nikiuliza maswali?"

Mize akachukua jani, akateremka bondeni. Kidawa akashuka nusu ngazi, akanyoosha mkono, akatafuna kwa meno ya pembeni.

"Da Mize, pepeta yako ina makapi. Ulikuwa umelala kinuni?"

"Kula ufunge kinywa."

"Nitafungaje kinywa na ndege wataniogopaje?" Akacheka, pengo lote nje. Akapanda tena juu. "Hooya! Hooya!"

Basi Mize akarudi peke yake. Jua lilikuwa la utosi, saa ambayo watu wamejificha vivulini. Njiani palikuwa na kichuguu kikubwa. Alipokifikia akasimama, akatazama nyuma, akaona dungu linavyopepewa, akasema kwa uchungu:

"Laiti mahali pale pangekuwa pangu!"

Kichuguu kikapiga mwayo. Kikafunguka, na ndani yake likatoka zimwi. Lilikuwa na jicho moja, na ulimi mrefu kama ukanda wa ukili. Likalamba hewani mahali neno lilipopita.

"Mmm. Laiti. Ni siku nyingi sijalila neno hili likiwa bichi. Nani kalisema?"

Mize akajibu, "Mimi."

"Unamwonea nani kijicho, mwali?"

"Simwonei mtu."

"Basi mbona lina chumvi?"

Mize akatazama chini. "Mdogo wangu. Amekaa mahali pangu."

"Si neno. Mimi sili nyama ya mtu, nakula miaka. Nitamlamba mdogo wako miaka michache iliyo mbele yake, naye atakua ghafla. Akikua atashika mchi. Akishika mchi, dungu la nani?"

"Langu."

"Umesema mwenyewe."

"Hataumia?"

"Kwani utamsikia akilia?" Zimwi likakaa vizuri. "Sema tena, kwa kinywa kipana."

Mize akasema, "Laiti!"

Zimwi likaimba:

"Kilichoonewa kijicho kina chumvi,
kisichoonewa ni majivu.
Nilambe, nimeze, nishibe!"

Likaunyoosha ulimi mpaka bondeni, ukapita juu ya mpunga kama upepo. Kidawa dunguni akahisi ubaridi shingoni, akajikuna, basi. Zimwi likameza na kufunga kichuguu chake.

Asubuhi yake, aliyetoka chumbani kwa Kidawa alikuwa mwali mrefu, kumpita Mize kwa kichwa kizima. Mama hakushangaa. Zimwi likila miaka hula na kumbukumbu za watu pia.

"Kidawa, mwanangu mkubwa," alisema mama, "shika mchi. Mize, mwanangu wa mwisho, panda dunguni."

Mize akakimbia hadi bondeni. Akapanda. Lo! Dungu lilijengwa kwa mwili wa mtoto. Miti ikalia chini yake, ikapinda. Ilimbidi akae katikati asitikisike. Upepo ulikuwa ule ule, lakini jua sasa likamchoma, na kila alipopiga kelele kwelea waliruka kidogo, wakatua nyuma yake, wakaendelea kula.

Na kutoka mlimani akausikia mchi wa Kidawa. Ulikuwa ukiimba. Wanawake wapitao walisimama wakasema, "Huyo binti ana mkono! Mwanamvua amezaa." Akasikia mama na Kidawa wakicheka pamoja kicheko cha chini, kile ambacho watu wazima huwaficha watoto.

Mchana Kidawa akamletea konzi la kwanza la pepeta, bado la moto, na nguo mpya ya kisutu kiunoni mwake.

"Umeipata wapi hiyo?" akauliza Mize.

"Mama kanipa. Kasema nimeshafika umri wa kuivaa." Akainua uso. "Kula, Da Mize."

Maana Kidawa, ingawa mwili ulikuwa umekua, ulimi wake ulikuwa bado unamwita dada. Watu walidhani ni utani.

Mize akatia pepeta kinywani. Ilikuwa kama makapi. Alipokuwa kinuni alilitaka dungu. Sasa yuko dunguni, anautaka mchi, anakitaka kisutu, anakitaka kile kicheko.

Mjukuu mmoja akadakia hapo: "Bibi, si apewe tu kisutu chake?"

Bi Nunu akasema, "Kijicho hakivai nguo, mjukuu wangu. Kingevaa kingeshaona haya. Pukuchua."

Basi jua la utosi likamkuta Mize tena kwenye kichuguu. Hakupiga hodi. Alisimama tu, akasema:

"Laiti asingekuwa na kazi yoyote ya kumsifia!"

Kichuguu kikapiga mwayo. Zimwi likatoka, limenenepa.

"Laiti ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Nimle mpaka wapi?"

"Mpaka asiweze kutwanga."

"Hiyo ni miaka mingi, mwali."

"Ni yake, si yangu."

Zimwi likacheka mpaka udongo ukadondoka. Likaimba:

"Kilichoonewa kijicho kina chumvi,
kisichoonewa ni majivu.
Nilambe, nimeze, nishibe!"

Ulimi ukapanda mlimani. Mchi ukakatika sauti, kisha kimya.

Mize alipofika nyumbani akamkuta kikongwe ameketi barazani, mgongo umepinda, nywele nyeupe kama pamba. Mama akimtandikia mkeka kwa heshima.

"Mize, hujamwamkia bibi?"

Mize akapiga goti. "Shikamoo."

Kikongwe akamtazama kwa macho yenye ukungu. Akatabasamu, na kinywani hamkuwa na jino hata moja.

"Da Mize," akasema, "nani anaamia ndege?"

Mama akacheka kwa upole. "Uzee huo, mwanangu. Anakuita dada. Mwitikie tu."

Mize akaondoka haraka. Mwanzoni akajiambia, sasa nimepumzika. Mchi ni wangu, dungu ni langu, kisutu ni changu. Akatwanga. Lakini kesho yake mama akalichukua konzi la kwanza la pepeta, akalipeleka wapi? Barazani.

"Mbona barazani, mama? Haamii ndege, hatwangi!"

"Mtu mzima akiwapo nyumbani hutangulizwa. Alishafanya kazi zake zote."

Mize akasimama nyuma ya mlango, akachungulia, na mwiba ule kooni ukamchoma tena. Anakaa kivulini. Anapewa kwanza. Hafanyi kitu!

Kikongwe akatia pepeta kinywani. Akaizungusha. Akajaribu ufizi huu, akajaribu ufizi ule. Haikulainika. Akaitoa polepole, akaiweka kiganjani, akaita:

"Da Mize. Njoo ule wewe. Mimi meno hayajaota."

Mize akatoka nyuma ya mlango. Akaiona ile pepeta kiganjani, imelowa. Akauona mkono, umekauka kama ganda, unatetemeka. Na ndani ya yale macho yenye ukungu akamwona Kidawa, Kidawa yule yule mwenye pengo, anayengojea meno yake ya mbele.

"Da Mize, nipeleke dunguni. Ndege watakula, halafu mama atanigombeza."

"Huwezi kupanda, Kidawa."

"Nitakaa chini nipige kelele."

Basi Mize akachutama. Akambeba mdogo wake mgongoni, mwepesi kama tita la majani makavu, akateremka naye bondeni. Jua lilikuwa la utosi.

Zimwi lilikuwa limekwisha kutoka, limekaa juu ya kichuguu, limevimba, linajilamba.

"Nilijua utakuja. Na umeniletea mpaka mlangoni, ahsante. Imebaki miaka kidogo tu, mikavukavu. Sema laiti ya tatu nimalize."

"Sitaki umle," akasema Mize.

"Kwani nimekwambia nakula wewe? Usiogope. Hukusikia wakubwa wakisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha? Mimi nawe tunajuana."

"Na Kidawa?"

"Kidawa simjui," likasema zimwi. "Yeye nitamla nimkwishe."

Mize akarudi nyuma hatua moja. Zimwi likalainisha sauti.

"Tazama, mwali. Yeye anabebwa, wewe unabeba. Huoni kijicho?"

Mize akanyamaza.

"Mama yako anamtandikia mkeka yeye. Wewe alikutandikia lini? Huoni kijicho?"

Mize akanyamaza.

"Akifa watu watajaa uani. Watalia, watamsifu, watasema hapajapata kutokea mfano wake. Nani amewahi kukulilia wewe? Huoni kijicho?"

Hapo neno likampanda Mize mpaka kwenye ncha ya ulimi. Zimwi likaliona, likanyoosha shingo.

Mgongoni kwake kikongwe akasogea. "Da Mize, umechoka. Nishushe nitembee."

Mize akapumua. Akatafuta mdogo wake ana nini cha kutamani. Meno hana. Nguvu hana. Mama hana, kwa kuwa mama hamjui. Alichobaki nacho ni dada tu, na dada ni yeye.

"Sina laiti," akaliambia zimwi. "Kwa huyu sina kitu ninachokitaka ila awe hai."

"Tafuta vizuri!"

"Nimetafuta."

Zimwi likakasirika. Lilikuwa limezoea kushiba, na mlafi hangoji chumvi. Likaunyoosha ulimi lenyewe, halikuimba, likamlamba kikongwe yule kisogoni na kumeza.

Likasimama. Jicho likatoka. Likakohoa.

"Majivu!"

Likakohoa tena. "Majivu! Majivu kinywani!" Likajipiga kifua, likayumba, likatapika. Na vilivyotoka havikuwa nyama wala damu. Vilikuwa ni ile miaka yote liliyoimeza, nayo ilitoka kinywani mwake kama kundi la kwelea, mamia kwa mamia, ikipiga mbawa, ikizunguka juu ya mpunga, ikimtafuta mwenyewe.

Zimwi likapasuka mbavu kwa kikohozi, likajitumbukiza kichuguuni, udongo ukaliangukia.

Mize akamshusha Kidawa, akamketisha chini, na ndege wale wakashuka kumwendea.

Na Mize, mtoto wa shamba la mpunga, alipoona kundi la kwelea linashuka, alifanya lile alilolifanya misimu yote ya maisha yake. Akapiga makofi, akapaza sauti:

"Hooya! Hooya!"

Kisha akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili.

Kundi likashtuka, likatawanyika, likageuka tena. Wakarudi mmoja mmoja, wakatua mabegani, kichwani, mapajani mwa Kidawa, na kila aliyetua aliyeyuka, na Kidawa akazidi kunyooka, akazidi kurudi. Lakini mmoja aliyekuwa mbele ya wote, mdogo, mwenye kifua chekundu, aliogopa kabisa. Aliruka juu ya dungu, akavuka mto, akapotea. Mize akamkimbilia mpaka majini akimwita kwa majina yote mazuri. Hakurudi.

Mama akaja mbio bondeni. "Wanangu! Kidawa! Mize! Mbona ndoto mbaya imenikalia mchana kutwa?" Akawakumbatia wote wawili. Akamtambua kila mmoja kwa kimo chake.

Kidawa alikuwa mtoto tena, pengo lake liko. Akalitazama lile dungu katikati ya shamba.

"Mama, kile ni nini?"

"Dungu, mwanangu. Si ulikuwa unakaa juu yake?"

"Mimi? Sijapata kupanda."

Ndege aliyepotea alikuwa ule msimu wake wa dunguni. Mize peke yake alijua. Jioni ile, na jioni nyingine nyingi, alikaa na mdogo wake akamsimulia: upepo ulikuwa hivi, kwelea walikuwa hivi, uliimba hivi, ulinicheka hivi. Kidawa akasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

Msimu mwingine wa mpunga ulipoingia, mama akawasimamisha uani. Kidawa akafika begani, kana kwamba ule msimu uliopotea umemrukisha kimo. Akapewa mchi. Dungu akapewa mtoto wa jirani.

Siku moja, jua likiwa la utosi, Kidawa akaacha kutwanga. Akasikiliza kelele za yule mtoto bondeni. Akaegemea mchi, macho yakamjaa machozi, akafungua kinywa:

"Lai..."

Mize akaruka juu ya kinu. Mpunga ukamwagika, ungo ukapinduka, kuku wakala. Akamziba mdogo wake kinywa kwa kiganja, akamshikilia hivyo hivyo, wote wawili wameanguka chini, mpaka jua la utosi lilipopita.

Basi ngano yangu nimeitua hapo, mwenye nguvu aitwike. Na funzo lake si la kuchimbua: fanya kazi ya kimo chako, na ya mwenzako mwachie mwenzako, kwa kuwa kijicho hulisha zimwi na wewe hubaki na njaa.

Bi Nunu alikwisha kufa. Katika wajukuu waliopukuchua naye jioni ile wamebaki wawili: Sikudhani, ambaye macho yake hayaoni tena, na Mwinyikondo, aliyehamia ng'ambo ya mto. Mwanamvua wa nganoni alikufa, Mize alikufa, Kidawa naye alikufa akiwa kikongwe wa haki. Zimwi, hakuna aliyesikia msiba wake.